Kikombe cha Fundi wa Lifti

Kazi yangu ni kuchapa vikombe, na kazi hii imenifundisha kitu kimoja ambacho siku ile nilitamani ningekuwa sikijui. Najua kusoma maneno yaliyogeuka.

Ngoja nieleze. Picha ya kikombe huchapwa kwanza kwenye karatasi. Karatasi inazungushwa kwenye kikombe cheupe, inabanwa kwa utepe, na kikombe kinaingia kwenye mashine ya joto. Joto ndilo linalohamisha rangi kutoka kwenye karatasi kwenda kwenye kikombe. Kwa hiyo pale kwenye karatasi maneno lazima yawe kinyume, kama unavyoyaona kwenye kioo, ili yakihama yakae sawa. Ukisahau kuyageuza, kikombe kinatoka na maneno yanayotazama nyuma, na hapo hakuna sabuni wala maombi yatakayokuokoa. Kwa kukagua karatasi hizo kutwa kucha, macho yangu yamezoea, na sasa nasoma kinyume upesi kama wengine wanavyosoma sawa.

Vikombe vyetu ni vya kazi za watu. Mwalimu ana "Nyamazeni, Nakunywa." Mkunga ana "Sukuma Kidogo Tu." Mfamasia ana "Kimoja Kutwa Mara Tatu," na wakili ana "Kahawa Kwanza, Mengine Mahakamani." Watu wananunua, wanapeleka maofisini, wanachekana. Maneno yenyewe anayatunga binti yangu. Hicho ni kipaji chake tangu utotoni. Ukimtajia kazi ya mtu, kabla hujafunga mdomo ameshakupa maneno matatu na moja lazima likuchekeshe. Mimi nina mashine, yeye ana ulimi, na baba yake ana kazi ya kubeba nyumbani vilivyoharibika.

Baba watoto hawezi kuona kitu kinatupwa. Kikombe chenye rangi iliyovuja, chenye sura iliyokaa upande, chenye maneno yaliyogeuka, vyote anavipakia kwenye katoni na kuja navyo, na anaviita mayatima. Ndiyo maana kwetu hakuna anayekunywea kikombe cha kazi yake. Yeye mwenyewe, dereva mstaafu wa malori, kila asubuhi anakunywa kwa Mkunga. Nimemwambia mara nyingi kwamba kunywea sura za watu usiowajua si jambo zuri, na kila mara ananijibu kwamba kahawa haijui sura. Nikachoka, nikamwachia chini ya sinki yeye na katoni lake.

Basi binti yetu akapata mchumba. Kijana mpole, mpima macho, mwenye tabia ya kuvua miwani na kuifuta kila akiulizwa swali. Walituambia walikutana kliniki, binti alipokwenda kupimwa macho, na mimi nikafurahi kwamba macho yake yamemletea faida. Kijana nilimpenda. Mimi sipendi watu haraka, muulize yeyote pale dukani, lakini yule nilimpenda. Ikapangwa siku ya wazee kukutana na familia kutambuana, Jumamosi, mchana kweupe, kahawa na keki.

Walisema watakuja wanne. Shangazi mmoja akamchukua shangazi mwingine, naye akaona si vizuri kumwacha mjomba, wakajaa sebuleni mpaka tukaazima viti vya jirani. Vikombe vya wageni, vile vya kabatini vyenye mstari wa dhahabu, vikaisha kabla sijafika katikati ya chumba. Nilipogeuka kuwaza nifanye nini, baba watoto alikuwa ameshainama chini ya sinki anawatoa mayatima.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Lakini wale mayatima walifanya kitu ambacho vikombe vyangu vya dhahabu visingekiweza. Watu walicheka. Mpaka hapo tulikuwa tumekaa kama tuko kwenye usaili wa kazi, kila mtu na magoti yake. Shangazi mmoja akapata Hakimu, akaanza kuwahukumu wenzake. Baba mdogo wa kijana, ambaye ni wakala wa bima na alikuwa hajatabasamu tangu aingie, akapewa "Sukuma Kidogo Tu," na sebule nzima ikamwambia asukume. Mimi kila ninayekutana naye huwa namchapia kikombe chake kichwani, na huyo nilikuwa nimeshamchapia: "Ukifa, Usisite Kunipigia." Nikacheka peke yangu, na nikaanza kupumua.

Mama wa kijana alikaa karibu na mimi, bega kwa bega, kwenye kochi la watu wawili. Yeye alikuwa mshonaji, mwembamba, na shingoni chini ya kola lilionekana kovu lililoteremka kifuani. Mwaka uliotangulia alipasuliwa moyo. Nilikuwa nimemwogopa kabla hajafika, kwa sababu mama wa kijana ndiye mwenye kura, sisi wengine tunasindikiza. Lakini alipoingia alinishika mkono na hakuuachia, na alinong'ona kwamba binti yangu amemkaa moyoni kabla hata hawajaonana sana. Nikajiambia kwamba shughuli imekwisha, mengine ni kula keki.

Alikunywa nusu, akabadilisha mkono, na kikombe kikageuka upande wenye picha. Akakiinamia.

"Huyu ni mwanangu," alisema.

Tulicheka, tukidhani anaendeleza utani. Yeye akakiinua kikombe kwa mikono miwili, akakisogeza mbali kidogo, akakirudisha.

"Huyu ni mkubwa wangu, yule fundi wa lifti. Mtazameni na kofia yake."

Nikatazama. Mwanamume mwenye kofia ngumu ya njano na tochi kwenye paji la uso, anacheka, nyuma yake nyaya nene za chuma. Jambo la kwanza nililoliona, Mungu anisamehe, ni kwamba rangi nyekundu ilizidi. Sura nazichapa siku nzima, kuzikumbuka ni kazi nyingine.

Furaha aliyokuwa nayo yule mama siwezi kuieleza. Kikombe kilizunguka chumbani, kila shangazi akithibitisha kwamba ni yeye hasa, na lile pengo la meno ni lake. Mama akawaeleza watu wetu kwamba mwanawe huyu yuko mji wa mbali, anatengeneza lifti za majengo marefu, na kazi zimembana kiasi kwamba hata kwenye posa ya mdogo wake ameshindwa kufika. Kupiga simu hawezi, huko ndani ya mashimo ya lifti hakuna mtandao, na akitoka amechoka. Lakini kila jioni lazima amwandikie mama yake. Hajawahi kuruka hata jioni moja. Alisema kwamba tangu alipopasuliwa amepata mtoto mpya, kwa sababu zamani huyo huyo alikuwa mvivu wa salamu, na sasa anamuuliza mpaka kama miguu imevimba.

Nikamtazama kijana ili tucheke pamoja. Alikuwa amevua miwani, lakini hakuwa anaifuta. Aliishika tu. Na baba yake mdogo, yule wa bima, alikuwa anatazama sakafu.

"Maneno yake yamegeuka, siyawezi," mama alisema, akinirudishia kikombe. "Na miwani sijavaa. Mwana mpima macho, mama haoni. Hebu nisomee wewe, mkwe wangu, si ndiyo kazi yako?"

Nikasoma. Sikuwa na haja ya kujitahidi, macho yalisoma yenyewe kabla mimi sijayaruhusu.

FUNDI WETU WA LIFTI. ULITUPANDISHA SOTE, WEWE UKAPANDA ZAIDI. PUMZIKA. TUTAKUKUMBUKA DAIMA.

Oda nzima ikanirudia. Ilikuwa mwaka jana, kampuni ya lifti ya mji mwingine walipiga simu, mwenzao alikuwa ameanguka ndani ya shimo la lifti akafa, na walitaka kila fundi awe na kikombe cha kumkumbuka. Cha kwanza kilitoka kinyume. Nikalaani, nikakiweka pembeni, nikageuza picha na kuchapa vingine vizuri, nikavifunga na kuvituma. Nilimsikitikia marehemu kama unavyomsikitikia mtu usiyemjua. Jioni yake nilikuwa nakaanga vitunguu.

Na sasa mama yake alikuwa amekaa bega kwa bega na mimi, anasubiri nimsomee, na uso wake unang'aa. Nilifikiri kwanza kwamba nimekosea mtu. Nikatazama tena lile pengo la meno. Nikamtazama kijana, naye alinitikisia kichwa kidogo sana, mtikiso wa mtu anayeomba.

Ulimi wangu ukajitetea wenyewe. "Maisha ni Kupanda na Kushuka," nikasema. Hicho ndicho kikombe cha siku zote cha mafundi wa lifti, tunakiuza dukani.

Mama alipiga makofi. Alisema ndiye huyo, hayo ni maneno yake kabisa. Kisha akasema ngoja nijipige naye picha nimtumie, ashangae huko aliko kwamba amefika ukweni kabla ya sisi. Akatoa simu, akakibandika kikombe shavuni, akanyoosha mkono.

Simu ukijipiga picha inakuonyesha kama kioo, na nyingine huihifadhi picha hivyo hivyo. Hilo nalijua, lakini halikunijia mpaka nilipoliona. Pale kwenye skrini, mbele ya macho yangu, maneno yote yalijigeuza yakakaa sawa. Pumzika. Tutakukumbuka daima. Mtoto wa darasa la kwanza angeyasoma. Nusura niipige ile simu kofi ianguke. Yeye bila miwani alikuwa anatafuta nyuso mbili tu, yake na ya mwanawe, zikae vizuri. Akabonyeza. Akatuma, na picha ikaanza kupanda taratibu kwa mtandao wetu dhaifu. Akaiweka simu mapajani na kuanza kusubiri jibu.

Nikainuka, nikasema naongeza kahawa. Nilimwita kijana kwa macho, na alinifuata kama mtu anayepelekwa kituo cha polisi.

Jikoni binti yangu alikuwa anapanga biskuti kwenye sinia, amevaa aproni juu ya gauni lake jipya. Nikafunga mlango. Nilimuuliza kijana swali moja tu, ndugu yake yuko wapi, na akaanza kulia bila sauti. Akanieleza kwa haraka. Ndugu yake alianguka wiki ile ile ambayo mama yao alipasuliwa moyo. Madaktari walisema asipate mshtuko wowote. Baba mdogo akaamua wamzike kimya huko huko, wao wawili tu wakijua, mama aambiwe akipata nguvu. Mama akapata nguvu, wakasema wiki ijayo. Kisha wakasema ikipita sikukuu. Kila walipokaa kumwambia alikuwa anacheka.

Nilimwambia kwa sauti ya chini, kwa sababu ukuta wa jikoni kwangu ni mwembamba, kwamba sijawahi kusikia jambo kama hilo katika maisha yangu. Mmemzika mtoto wa mtu na mama yake hamkumwambia? Nilishika ukingo wa sinki. Nikakumbuka mama alivyosema pale sebuleni kwamba anamshonea mwanawe mashati na kumtumia. Nikauliza mashati hayo huenda wapi. Akasema yako kwake, kwenye sanduku, hajafungua hata moja.

"Na nani anamwandikia kila jioni?" nikauliza.

Alifungua mdomo. Kabla hajasema, simu ikalia kengele ya ujumbe ndani ya aproni ya binti yangu.

Haikuwa simu yake. Simu yake niliiona juu ya friji, inachaji. Mkono wake ulikwenda mfukoni kwa mazoea, kama mama anavyomwendea mtoto aliyelia, akatoa simu nyingine, ya zamani, yenye kioo kilichopasuka, akaifungua palepale. Nikasogea nikatazama. Alikuwemo mama wa kijana, shavu kwa shavu na kikombe.

Nimechapa vikombe miaka mingi, nimeungua vidole, nimeibiwa, nimefiwa na wazazi wote wawili. Hakuna kilichonishtua kama ule mkono wa mwanangu ulivyoijua njia ya mfuko ule.

"Mama, ningekuambia," alisema.

Hawakukutana kliniki. Kijana alikuja dukani kwetu na kikombe cha ndugu yake kwenye mfuko, kile kizuri, walichopewa familia na wale mafundi. Chini ya kikombe aliona jina la duka, akaja kuuliza ni nani aliyeandika maneno yale, kwa sababu ndiyo pekee yaliyomliza tangu mazishi. Mimi sikuwepo. Binti akasema ni yeye. Wakakaa wakazungumza. Siku chache baadaye akarudi na simu ya marehemu, akamwomba amsaidie ujumbe mmoja tu, maana mama anatoka hospitali na anamuulizia mwanawe, na yeye kila akiandika anaishia "Shikamoo mama." Binti yangu akaandika huo mmoja. Mama akajibu. Jibu likataka jibu.

Njia ya mwongo ni fupi, tulifundishwa hivyo. Ya hawa ilikuwa na mwaka mzima na iliishia jikoni kwangu. Nilitaka kumpiga mwanangu na nilitaka kumficha nyuma yangu, vyote kwa wakati mmoja. Ule ulimi niliousifia kwa wateja, niliouuza kila siku juu ya kaunta, ulikuwa unamwita mtu mama kwa kinywa cha marehemu.

"Nampenda, mama," aliniambia. "Nikichelewa kumwandikia silali."

Mlango ukafunguliwa, akaingia baba mdogo wa bima, bado ameshika kikombe cha Mkunga. Alisema watu wanasubiri, leo ni siku ya furaha, tumalize kwanza shughuli iliyotuleta, na yeye mwenyewe atamwambia shemeji yake taratibu, wiki ijayo, kwa sababu kazi yake ni kukaa na wafiwa na anajua namna ya kusema. Nilimwambia kwamba mtu aliyeshindwa na mfiwa wa nyumbani kwake mwaka mzima asinifundishe namna. Lakini binti yangu akanishika mkono. Alisema leo likisemwa, hakuna posa tena. Mama gani atampokea mkwe aliyemfanyia vile?

Alikuwa anasema kweli, na ndiyo iliyonichoma. Mimi nilikuwa naitaka ile ndoa. Nilikuwa nimeshawachapia kichwani vikombe vyao viwili. Nasema wazi kwamba kwa muda wa kumimina birika moja nilifikiri kutoka na tabasamu, kukichukua kile kikombe kama naenda kukiosha, na kukiachia kwenye sakafu ya saruji. Kisha ile picha ningeomba nioneshwe, nikosee kidole, ifutike. Ningeweza. Mikono yangu ni ya kazi ndogo ndogo za namna hiyo.

Kutoka sebuleni tukasikia sauti ya mama.

"Ameiona," alikuwa anawaambia mashangazi. "Alama zimeonyesha ameshaiona. Mbona hajibu?"

Nikatoka. Alikuwa ametoa miwani kwenye mkoba na ameshaivaa. Alikuwa anaikuza ile picha kwa vidole viwili, taratibu, ameanzia kwenye kofia ya njano, ameshuka kwenye macho, ameshuka kwenye lile pengo. Maneno tunayaweka chini ya picha, vikombe vyote ni hivyo. Kidole chake kilikuwa kinaendelea kushuka.

Nilikaa karibu naye nikaifunika skrini kwa kiganja.

"Dada, usisome," nikamwambia. "Nitakwambia mimi."

Aliutazama mkono wangu kwanza. Kisha akanitazama mimi, bado ana lile tabasamu, kwa sababu tulikuwa kwenye sherehe na mayatima walikuwa wametuzoeza utani. Lilimwondoka polepole, kuanzia machoni. Baba watoto, ambaye naye alikuwa hajui lolote, alikaa na kipande cha keki mkononi bila kukipeleka mdomoni.

"Mwanao hayupo duniani," nilisema. "Alianguka kazini mwaka jana, wiki uliyopasuliwa. Wenzake ndio waliochapisha kikombe hiki kwa kumkumbuka, na mimi ndiye niliyekichapa. Yale maneno niliyokusomea nilikudanganya."

Hakupiga kelele. Kifua chake kilipanda kikakaa juu, hakishuki, na mimi macho yangu yalikuwa kwenye lile kovu, nikisema moyoni nimemuua, nimemuua mama wa watu kwenye kochi langu. Shangazi wa Hakimu akaanza kulia kwa sauti. Mama aliinua kiganja bila kumtazama, na yule akajiziba mdomo. Ndipo pumzi ikashuka.

Alimtafuta kijana wake kwa macho. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni. Alimuuliza kama alijua, naye akapiga magoti pale pale mlangoni. Alimtazama baba mdogo, hakumuuliza. Kisha akatazama ile simu mapajani mwake, na nikaona kwamba ndiyo kwanza amefika mahali ambapo mimi nilikuwa naomba asifike.

"Nilikuwa naongea na nani?" aliuliza.

Akaigonga simu kwa kidole.

"Kila jioni. Nimemwambia mambo ya mwili wangu ambayo daktari sijamwambia. Nimemwambia naogopa kufa. Nilikuwa naongea na nani?"

Nilikuwa tayari kusema sijui. Ukweli wa mtoto wake nilikuwa nimeshautoa wote, lakini huu mwingine ulikuwa wa mtoto wangu, na ningedanganya bila haya. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Binti yangu akampita kijana pale alipopiga magoti, akaja mpaka mbele yetu na aproni yake, ameishika ile simu iliyopasuka kwa mikono miwili.

"Ni mimi, mama," alisema.

Mama aliipokea. Akaifungua, akaanza kupandisha mazungumzo yao, akisoma kutoka upande wa pili, yale maneno yake mwenyewe yakiwa yamekaa mahali pa mgeni. Alipandisha kwa muda mrefu sana. Dirishani jua lilikuwa limeanza kushuka. Mimi nilikuwa nasubiri kofi, au laana, au mkoba ubebwe na watu wote wainuke nyuma yake waondoke, na binti yangu alisubiri akiwa amesimama, mikono imebaki vile vile mbele yake kana kwamba bado ameshika kitu. Sikuweza kumtazama usoni. Nilitazama biskuti moja iliyokuwa imeanguka kwenye zulia.

"Na leo," mama aliuliza, bila kuinua macho, "leo ulikuwa uniandikie nini?"

Binti yangu, ambaye hajawahi kukosa neno tangu aanze kusema, alikosa.

"Nilikuwa nikuulize," alisema mwishowe, "kama umemeza dawa ya jioni."

Mama alivua miwani, akaiweka juu ya zile simu mbili.

"Sijameza," alisema, na hapo ndipo machozi yalipoanza kumtoka. "Niletee maji."